Uzazi wa Miti, na Haki ya Mwenye Kununua Mche



Katika darsa letu la Alkhamisi baada ya Isha liliulizwa swali ambalo kwa dhahiri lilikuwa la shamba, lakini ndani yake mlikuwa na jambo la haki. Mwenzetu mmoja, kijana wa mji huu aliyeoa upande wa Bomet, alisimama akasema: "Sheikh, nimenunua miche mia ya parachichi. Nikaambiwa ni Hass, tena imebebeshwa. Miaka minne ikapita nisione hata ua. Mwaka wa sita imezaa michache, na kila mti una tunda lake: huu la mviringo, huu refu kama chupa, huu la ngozi nyororo, huu maji matupu. Nimemwendea aliyeniuzia, naye amenijibu kuwa yote ni parachichi, hakuniuzia mapera. Je, nina haki juu yake, au sina?"

Baadhi ya waliohudhuria walicheka. Mmoja akasema, "Mbegu ni mbegu, ulipanda parachichi, umevuna parachichi, mshukuru Mola wako." Mimi sikucheka wala sikujibu. Mwenye kuhukumu juu ya bidhaa hana budi kwanza aijue bidhaa yenyewe, na nilijiona kuwa sijui mti huzaliwa vipi. Nikaomba nipewe muhula. Ikatokea baadaye kuwa nilialikwa arusi Kericho, nikakaa siku kadhaa, nikashuka hata Bomet kwa wakwe wa kijana huyu, nikaona kwa macho na kuuliza kwa ulimi. Somo la mwezi huu ndilo tunda la safari hiyo. Twaliomba darsa lisome kwa utulivu, na kila mmoja alinganishe na miti iliyoko uani kwake.

I. Nchi ya chai

Kericho na Bomet ni nchi ya vilima iliyo juu sana. Sehemu kubwa ya mashamba yake ya chai iko zaidi ya mita 1,800 kupita usawa wa bahari. Mvua yake ni nyingi, udongo wake ni mwekundu na una uchachu, na msitu wa Mau uko karibu. Mti wa chai si wa asili ya nchi hiyo. Uliletwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903, ukapandwa Limuru, na mashamba makubwa ya biashara yakaanza kupandwa Kericho mnamo mwaka 1924. Baadaye wenyeji wadogo nao wakapewa nafasi ya kupanda, khasa baada ya kuundwa Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai mwaka 1964. Leo viwanda kama vya Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros hupokea majani kutoka mashamba ya watu wa kawaida.

Mtu wa pwani asidhani kuwa khabari hii haimhusu. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulihamishwa kutoka Nairobi ukaja Mombasa mwaka 1969, na maghala yake twapita mbele yao kila siku. Kikombe tunachokunywa baada ya Alfajiri chatoka huko.

Nilipofika nilistaajabu kuona mashamba mawili yaliyopakana. La kwanza lilikuwa limesawazika kama mkeka. Kila mchai rangi moja, jani kadiri moja, wote wachipua siku moja. La pili lilikuwa la mchanganyiko. Mmoja una jani pana, wa pili jani jembamba, mmoja mweusi-mweusi, mwingine manjano-manjano, huu umechipua, huu umelala. Nikauliza sababu. Nikaambiwa: "Hili la pili lilipandwa kwa mbegu. Lile la kwanza lilipandwa kwa vijiti." Katika maneno hayo machache mna somo zima.

II. Uzazi wa kwanza: wa dume na jike

Mti huzaa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya dume na jike, na mahali pake ni katika ua.

Litazame ua la mchai. Ni jeupe, lina harufu nzuri, na katikati yake mna nyuzi nyingi za manjano. Ncha za nyuzi hizo zabeba unga mwembamba ambao vitabuni huitwa chavua. Huo ndio upande wa dume. Katikati ya nyuzi pana kijiti kimoja kilichosimama, na chini yake kifuko kichanga chenye mayai ya mbegu. Huo ndio upande wa jike. Punje ya chavua ikiangukia juu ya kijiti cha jike, huota mfano wa mbegu inavyoota. Hutoa mrija mwembamba usioonekana kwa macho, mrija ukashuka hata ndani ya kifuko, na kwa njia hiyo mbegu ya dume ikalifikia yai. Vikaungana, na kutokana na muungano huo ikawa mbegu.

Basi fahamu jambo kubwa: mbegu ile haikuchukua tabia za mama peke yake. Nusu imetoka kwa mama na nusu kwa baba, na kila mbegu imepewa fungu lake mbali. Kwa hivyo mbegu mbili za tunda moja si sawa, kama ndugu wawili wa tumbo moja wasivyokuwa sawa kwa sura wala kwa moyo.

Tena mchai una desturi yake: kwa kawaida haukubali chavua yake wenyewe. Wataka chavua ya mchai mwingine, na wachukuzi wake ni nyuki, nzi na wadudu wengine wanaotafuta mbochi. Ndiyo sababu shamba lililopandwa mbegu huwa la rangi nyingi: kila mche ni mtoto wa wazazi wawili tofauti.

Twaweza kuuona uzazi huu katika nazi pia, ambayo kila mmoja wetu ameivunja. Karara likipasuka hutoka upunga. Maua ya dume ni mengi, madogo, yako kuelekea nchani, na ya jike ni machache na makubwa, yako karibu na mashina ya vitawi. Katika minazi mirefu ya kwetu, maua ya dume ya panda moja kwa kawaida huanguka kabla ya yale ya jike kuwa tayari. Kwa hivyo mnazi hupata chavua kwa jirani yake, kwa upepo na kwa wadudu. Kisha tunda hukua daraja kwa daraja, kidaka, kitale, dafu, koroma, hata nazi. Ile nyama nyeupe tunayoikuna, na yale maji ya dafu, si mtoto wa mnazi. Ni chakula alichowekewa. Mtoto mwenyewe ni kijichembe kidogo mno kilichojificha chini ya lile jicho laini katika macho matatu ya nazi. Mtu hunywa masurufu ya safari ya mtoto, na mtoto asimwone.

III. Ni wapi dume, na ni wapi jike

Miti haikupangwa namna moja. Mingine ina dume na jike katika ua moja, kama mchai na mparachichi. Mingine ina maua mbalimbali juu ya mti mmoja, kama mnazi na muhindi. Mingine dume ni mti wake na jike ni mti wake, kama mtende na mipapai mingi.

Hapa yapasa tuseme kweli juu ya mila zetu. Mpapai usiozaa watu huupigilia misumari, wengine huufunga vitambaa, na wako waliochukua hirizi wakaitundika. Haya yote hayana maana. Mpapai ule ni dume. Maua yake hutoka katika vikonyo virefu vinavyoning'inia, na hauna mahali pa kuweka mtoto. Ukiuona hauzai, usimtafute mwenye kijicho. Tazama ua. Na mwenye mipapai ya jike akakata madume yote mtaani kwake, kisha akalalamika kuwa mapapai yaanguka machanga, na ajilaumu mwenyewe.

Ama mtende, wenzetu walioko Omani wajua kazi yake. Mtu hupanda juu ya mtende dume, hukata mashada ya maua yake, huyapeleka kwa mitende ya jike na kuyafunga ndani ya panda. Mtende mmoja dume watosha mitende mingi ya jike, kwa hivyo hawaweki madume ila machache. Yajulikana katika khabari sahihi ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakuta watu wa Madina wakiifanya kazi hiyo. Akasema kwa rai yake kuwa huenda haina faida. Wakaiacha, mavuno yakapungua. Alipopata khabari aliwarejesha katika ujuzi wao, akawafahamisha ya kuwa mambo ya kazi za dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Basi mwenye kumpuuza mkulima mjuzi kwa kuwa yeye amesoma kitabu, na aikumbuke khabari hiyo. Nami nimejikumbusha mwenyewe kwanza.

Na mparachichi una ajabu kuliko yote. Ua lake lina dume na jike, lakini hufunguka mara mbili, kwa zamu. Katika namna ya Hass, ua hufunguka asubuhi likiwa jike, hufunga adhuhuri, kisha hufunguka tena kesho yake alasiri likiwa dume. Namna nyingine, kama Fuerte, huenda kinyume: jike alasiri, dume asubuhi ya pili. Basi mwenye kupanda Hass akitia baina yake miti michache ya Fuerte, asubuhi mmoja huwa na dume wakati mwingine ana jike, na alasiri vivyo hivyo. Lakini chavua ya mparachichi haibebwi vema na upepo, yataka nyuki. Mtu akipiga dawa ya wadudu wakati wa maua, amemfukuza mshenga siku ya arusi.

IV. Uzazi wa pili: usiohitaji dume wala jike

Njia ya pili ya uzazi ni ya mti kujitoa mwenyewe. Hapana ua, hapana chavua, hapana mbegu. Kipande cha mti hukatwa au huchipua kando, kikatoa mizizi, kikawa mti. Na kwa kuwa hapakuingia baba, mti huo mpya ni ule ule wa kwanza katika mwili mwingine.

Mgomba ndio mfano wa karibu. Ndizi tulazo hazina mbegu zenye kuota, wala hakuna aliyepanda mgomba kwa kokwa. Chipukizi hutoka kando ya mama, likang'olewa na kupandwa pengine. Muhogo hupandwa kwa kipande cha mti, viazi vitamu kwa mashina yake, na mtende, ukiacha njia ya kokwa, hutoa machipukizi kando ya shina lake. Waarabu tangu kale hupenda chipukizi kuliko kokwa kwa sababu mbili: kokwa huenda ikatoa dume, na hata ikitoa jike, tende yake haiwi ile ya mama. Katika Qur'ani imetajwa mitende itokayo katika shina moja na ile iliyo mbalimbali, yote ikinyweshwa maji mamoja na ikatofautiana kwa ladha. Mwenye kusoma aya hiyo hali ameuona mtende na machipukizi yake, huifahamu zaidi.

Ama mchai, nilipelekwa kwenye kitalu nikaonyeshwa. Huchaguliwa mti mama mzuri, ukaachwa usichumwe kwa miezi kadhaa hata utoe matawi marefu. Tawi hukatwa vipande vidogo. Kila kipande kina jani moja, na kijiti chake urefu wa sentimita tatu au nne, na kati ya jani na kijiti pana kijicho kilicholala. Kipande hicho huchomekwa katika mfuko mwembamba wa plastiki uliojazwa udongo wa chini, ule wenye uchachu usio na samadi, kisha vyote hufunikwa kwa plastiki na kuwekwa kivulini ili unyevu usitoke. Baada ya miezi michache hutoa mizizi. Ndipo mfuniko huondolewa kidogo kidogo, mche ukazoea jua, na baada ya kukaa kitaluni kadiri ya miezi minane hata mwaka hupelekwa shambani. Jani moja, mti mmoja. Hekta moja yataka miche zaidi ya elfu kumi, na yote yaweza kuwa imetoka katika mti mama mmoja wa kwanza. Jamii ya miti iliyotokana na mti mmoja kwa njia hii huitwa kloni.

Wenye kazi ya kuchagua miti mama hiyo wako papo hapo Kericho. Chuo cha utafiti wa chai kiliwekwa huko tangu mwaka 1951, kikabadilika majina kwa kubadilika serikali, na mwaka 2014 kikawa sehemu ya shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Miti yao haina majina ya fakhari, ina nambari. Iko iitwayo 6/8, mashuhuri kwa utamu wa kikombe chake. Na iko 306/1, iliyotolewa mwaka 2011, ambayo majani yake machanga ni ya zambarau. Wala msidhani njia hizi mbili zagombana. Mti mpya wa sifa hupatikana kwa mbegu, kwa kuwa mbegu ndiyo yenye kuleta mchanganyiko. Hupandwa mingi, hutazamwa miaka mingi, mingi ikatupwa. Ukipatikana mmoja ulio bora, huongezwa kwa vijiti, kwa kuwa kijiti ndicho chenye kuhifadhi. Mbegu hutafuta, na kijiti huweka.

V. Kubebesha

Iko njia ya tatu ambayo ni tawi la hiyo ya pili: kubebesha, au kuunga. Hupandwa mbegu ya parachichi au ya embe, ikaota ikawa mche wenye mizizi yenye nguvu. Kisha kilele chake hukatwa, shina likapasuliwa kidogo, na ndani yake hutiwa kikonyo kilichochongwa kutoka mti wa sifa. Hufungwa kwa utepe wa plastiki. Ngozi ya ndani ya shina ikikutana na ngozi ya ndani ya kikonyo, huungana kama mfupa uliovunjika unavyoungana. Tangu hapo mizizi ni ya mti mmoja na matunda ni ya mti mwingine.

Miti yote ya Hass ulimwenguni imetokana na mti mmoja uliopandwa California na mtu wa posta aitwaye Rudolph Hass, ambaye aliuandikisha mwaka 1935. Mti ule wa kwanza ulikufa mwaka 2002, lakini vikonyo vyake viko hai Kenya, Peru na Mexico. Kwa hivyo, Hass haipandwi kwa kokwa. Kokwa ya Hass ni mtoto wa Hass na baba asiyejulikana; huenda ikatoa tunda zuri, huenda ikatoa baya, nalo halitakuwa Hass. Tena mti wa kokwa huchelewa kuzaa, miaka sita, saba au zaidi, hali uliobebeshwa huanza mwaka wa tatu au wa nne.

Yako mambo mawili ya kutahadhari katika kanuni hii. Kwanza, iko miembe na michungwa ambayo kokwa yake moja hutoa miche miwili au mitatu, na baadhi ya miche hiyo hutokana na mwili wa mama peke yake, bila ya baba. Hiyo hufanana na mama hali imetoka katika mbegu. Pili, mnazi hauna matawi wala hautoi machipukizi. Mkulima hana njia nao ila nazi yenyewe. Kwa hivyo wazee wetu walipokuwa wakichagua nazi ya mbegu kutoka mnazi uzaao sana walifanya ujuzi, lakini walimjua mama tu. Baba alikuwa ni upepo na nyuki.

Wako wanaosema kuwa kubebesha ni kugeuza maumbile. Nguvu ya kuungana imo ndani ya mti wenyewe. Mwanadamu huleta kisu na utepe tu, na asichokipa Mola nguvu ya kuungana hakiungani. Jaribu kubebesha mwembe juu ya mpapai uone.

VI. Kheri na khatari

Mwenye kusoma hata hapa huenda akasema: basi tuache mbegu, tupande vijiti vitupu. Hapana. Na hili nilijifunza kwa mama mmoja mkongwe, mamamkwe wa yule kijana wetu.

Mama huyo ana shamba la michai waliyoipanda yeye na marehemu mumewe kwa mbegu, katika miaka ya 1960. Mkwewe alimshauri aing'oe yote apande kloni moja yenye mazao mengi. Yule mama akamjibu mbele yangu kwa upole: "Mwanangu, wewe wanihesabia mwaka wa mvua. Nihesabie na mwaka wa jua." Kisha akatuchukua akatuonyesha. Mchai wa mbegu una mzizi mkuu unaozama chini sana. Mchai wa kijiti hauna mzizi mkuu huo, mizizi yake hutawanyika. Jua likikaza, wa mbegu huweza kufikia maji ambayo wa kijiti hayafikii. Tena katika shamba la mbegu, ugonjwa au baridi ikiingia, huu utaanguka na huu utasimama, kwa kuwa hawakuumbwa sawa. Shamba la kloni moja ni mtu mmoja aliyesimama mahali elfu kumi. Akipatikana adui amwezaye, amewaweza wote.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Ndizi iitwayo Gros Michel ilikuwa ndiyo ndizi ya biashara ya ulimwengu. Yote ilikuwa mgomba mmoja uliogawanywa. Ugonjwa wa kunyauka uliokaa katika udongo uliingia mashamba ya Amerika ya Kati, na kufikia miaka ya 1960 biashara yake ilikuwa imevunjika, ikabidi wageukie ndizi nyingine. Na hiyo nyingine nayo ni kloni moja.

Kwa hivyo waliotangulia katika ujuzi huu husema: panda kloni kadhaa, si moja, weka ya utamu na weka ya kustahimili jua, na usiing'oe mbegu yote kwa siku moja. Huko Malawi na Kericho kwenyewe wamejaribu pia kubebesha mchai wa kikombe kizuri juu ya mizizi ya mchai ustahimilio ukame. Mama yule alikuwa ameamua kabla hatujafika: nusu ya shamba ataipanda kloni tatu, na nusu ya mbegu itabaki kama alivyoiacha mumewe. Kijana alinyamaza. Nami nikaona ya kuwa alinyamaza kwa kufahamu, si kwa adabu tu.

VII. Jawabu la swali

Sasa twarejea kwa miche mia. Jioni ile nilimsimulia yule mama kisa cha mkwewe. Akashangaa, akasema: "Hakuniuliza!" Akachukua mche mmoja kitaluni kwake, akapitisha ukucha juu ya shina, akatuonyesha kiasi cha shubiri moja kutoka udongoni pana kovu na kijipindo, chini ya kovu ngozi ni ya namna moja, juu yake ya namna nyingine. "Mti uliobebeshwa una kovu," akasema. "Usio na kovu haukubebeshwa." Ukaguzi wa nusu dakika! Kijana akainamisha kichwa, akakiri kuwa aliona haya kumwuliza mamamkwe khabari ya shamba. Haya ya namna hiyo imemgharimu miaka sita.

Ama hukumu, jawabu langu ni hili. Aliyesema "yote ni parachichi" amesema neno la kweli mahali pasipo pake. Mnunuzi hakununua jina la parachichi. Alinunua sifa mbili zilizotajwa katika mapatano, kuwa ni Hass na kuwa imebebeshwa, na kwa ajili ya sifa hizo alilipa bei ya juu. Sifa ikikosekana, mnunuzi ana haki. Lau angejua siku ile, angerudisha miche na kuchukua fedha zake. Sasa miche imekuwa miti, kurudisha hakuwezekani. Inabaki tofauti ya bei baina ya mche wa kokwa na mche uliobebeshwa, nayo ni haki yake. Ama hasara ya miaka, hiyo ni ya kupatana kwa sulhu mbele ya watu waadilifu. Na muuzaji akiwa alijua, ameghushi, na dhambi ni juu yake. Akiwa hakujua, dhambi imeondoka lakini deni halikuondoka. Wala haifai mtu kuuza asichokijua kwa jina asilolijua.

Niliyaandika haya na kumpa kijana ayachukue. Wazee wawili walikwenda naye, muuzaji akasomewa, akabishana kidogo, kisha akakubali kurudisha tofauti ya bei kwa mafungu matatu. Na miti yenyewe haikupotea. Yule mama alimwambia asiing'oe: mizizi yake ya miaka sita ni mali. Imekatwa kwa msumeno kiasi cha magoti, ikaachwa itoe machipukizi, na machipukizi hayo yamebebeshwa vikonyo vya Hass vya kweli kutoka mti unaojulikana, na miti michache imetiwa Fuerte. Hata naandika haya, themanini na mbili imeshika.

Ndugu msomaji, chukua katika somo hili mambo mane. Ukitaka mti ufanane na mama yake, chukua kijiti, chipukizi au kikonyo. Ukitaka mizizi mirefu na mchanganyiko wenye kustahimili, usiidharau mbegu. Mti usiozaa utazame ua lake kabla hujamtuhumu jirani. Na ukinunua mche, pitisha ukucha juu ya shina, na umwulize anayejua, awe mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo.

Maswali ya darsa lijalo:

1. Kwa nini miche miwili iliyotoka katika tunda moja la chai haiwi sawa?
2. Mipapai kumi imeota uani kwako kwa mbegu. Utajuaje ipi ni dume, na je, utaikata yote?
3. Mtu amekuuzia chipukizi la mgomba wa kisukari, likazaa mkono wa tembo. Je, hukumu yake ni kama ya miche ya parachichi? Eleza sababu.
4. Tazama mwembe wa jirani yako. Umeota kwa kokwa au umebebeshwa? Njoo na dalili, si na dhana.